Mjadala: Je, kila moto katika miombo upigwe marufuku, au tuchome mapema?

Ndugu wachangiaji, mwenzetu ametoa hoja kwamba serikali ipige marufuku uchomaji wowote katika misitu ya miombo, yaani mapori ya miti yenye nyasi chini yake, kwa kuwa kila moto huua udongo na kurudisha kaboni angani. Naiheshimu nia yake, lakini hoja hiyo inachanganya mioto miwili isiyofanana kabisa.

Moto wa mapema, wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita upesi na joto lake haliingii ardhini zaidi ya sentimita chache. Moto wa Septemba na Oktoba ni mwingine. Tazama mahali ambapo gogo kubwa limeungua mpaka likaisha: majivu ni meupe, na ukiyafukua unakuta udongo mwekundu mfano wa tofali, mboji imeteketea, naitrojeni imepotea hewani, na mvua za kwanza zitayasomba majivu hayo hadi mtoni pamoja na fosforasi ambayo miche ingeihitaji.

Majaribio ya kuchoma vipande vya miombo huko Ndola, Zambia, yaliyoanza miaka ya 1930, yalionyesha jambo hili wazi. Vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viligeuka nyika yenye miti ya kuhesabika, vilivyochomwa mapema vilibaki na miti yake, na vilivyokingwa kabisa vikawa msitu mzito. Basi kukinga ndiko bora, utaniambia. Ni kweli, kwa kipande chenye mlinzi. Lakini katika miombo ya Tabora au Kilwa, wanakopita warina asali, wawindaji na wafugaji, nyasi zisizochomwa hurundikana zikingoja cheche ya Oktoba.

Kuhusu kaboni, hewa ukaa itokanayo na nyasi kwa sehemu kubwa hufyonzwa tena nyasi zinapoota msimu unaofuata. Methani, gesi nyingine ya moshi inayopasha dunia joto, hairudi hivyo, na nakiri kwamba nyasi zikichomwa zingali mbichi mno huitoa kwa wingi zaidi, kwa hiyo hata tarehe ya kuchoma inahitaji uangalifu mkubwa. Hasara isiyofidika haraka ni miti mikubwa na mboji.

Misitu ya milimani naitenga. Kule Kilimanjaro, ulikozuka moto wa Oktoba 2020, marufuku ni sahihi, maana mioto ya mara kwa mara imeushusha mpaka wa juu wa msitu.

Kwa miombo, anayetaka marufuku atueleze: nani atakayelinda msitu wa kijijini mwezi Oktoba, na kwa fedha zipi?