Sosi ya mboga ya chakula cha shule bila karanga wala korosho: uzito utoke wapi?

Mpishi_wa_Alfajiri
Habari zenu wadau. Shule imekataza karanga, korosho, lozi na jamii yake yote kwenye vyombo vya watoto. Sosi ya mboga iliyozoeleka hapa nyumbani ilipata uzito kwa siagi ya karanga. Nikiitoa, kinachobaki ni maji ya nyanya: yanatiririka hadi chini ya tambi, na mkate unalowa. Natafuta sosi inayoshika tambi, isiyo na chenga (mla ana miaka 6 na anachambua kila kitu), na inayoweza kukaa kwenye hotpoti hadi mchana. Wengine wanasema niweke ufuta au alizeti badala ya karanga. Ni sawa? Naomba vipimo kamili, si "weka kiasi".

Jiko_Dogo
Siagi ya karanga hufanya kazi mbili kwenye sosi: inaleta mafuta, na chembe zake zinafyonza maji. Ukiitoa, ziba mapengo yote mawili. La kwanza linazibwa na mafuta ya kupikia, la pili na maharage meupe yaliyoiva hadi kupondeka kwa vidole. Lakini kabla ya kufikiria cha kuongeza, punguza maji. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na hapo ndipo sosi nyingi zinapoharibika.

Kwa karibu mililita 900: karoti gramu 200, boga lililomenywa gramu 250, nyanya zilizoiva gramu 400, pilipili hoho nyekundu 1 kubwa, kitunguu maji 1 kikubwa, kitunguu saumu punje 3, maharage meupe yaliyopikwa gramu 150, mafuta vijiko 3 vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, maji ya limau kijiko 1 cha chai.

Tumia sufuria pana, mvuke upate pa kutokea. Kaanga kitunguu maji kwa vijiko 2 vya mafuta, moto mdogo, dakika 10. Usiharakishe, utamu wote wa sosi hii unatoka hapo. Saumu ipe dakika 1 tu. Ikiungua itakuwa chungu na hakuna sukari itakayouficha uchungu huo. Tia hoho na nyanya, pika bila mfuniko dakika 15 hadi 20, mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria uache njia isiyojifunga papo hapo.

Karoti na boga pika kando, kwa maji kidogo, hadi uma uingie bila kusukumwa. Usizipikie ndani ya nyanya. Asidi ya nyanya inachelewesha karoti kulainika, na hizo ndizo chenga anazozikuta mlaji wako.

Kwenye blenda anza na maharage peke yake, pamoja na kijiko cha mafuta kilichobaki na vijiko 4 vya maji ya karoti. Saga dakika 1 nzima. Ukitia kila kitu kwa mkupuo, maganda ya maharage yanaelea kwenye majimaji na kisu hakiyapati. Kisha weka mboga zote pamoja na nyanya ulizopika, saga dakika 2. Jagi lisipite nusu kama vitu ni vya moto, na toa kile kifuniko kidogo cha juu ufunike tundu kwa kitambaa. Mvuke ukikosa njia hurusha mfuniko wote. Rudisha motoni dakika 3, malizia na chumvi na limau.

Kipimo cha mwisho: weka kijiko kimoja kwenye sahani baridi. Maji yakijitenga pembeni ndani ya dakika moja, bado haijawa tayari.

Soma_Lebo
Ufuta uache kabisa kwa chakula cha shule. Wenyewe ni kisababishi kikubwa cha mzio (aleji): Umoja wa Ulaya umeuweka kwenye orodha ya vyakula vya lazima kutajwa kwenye lebo, na Marekani imefanya hivyo tangu Januari 2023.

Alizeti na mbegu za maboga si karanga wala jamii ya korosho na lozi, ila mara nyingi hupita kwenye mashine zilezile za kufungashia. Tafuta pakiti iliyotamka wazi kwamba imetengenezwa mahali pasipo karanga. Kukosekana kwa onyo la "huenda ikawa na chembe za karanga" si uthibitisho, maana nchi nyingi onyo hilo ni la hiari. Tena siagi ya alizeti inafanana na ya karanga kwa rangi na kwa harufu. Mwalimu hawezi kuzitofautisha kwa macho, hivyo uliza shule kwanza. Hata nazi: shule nyingine zinaikubali, nyingine zimeiweka kundi moja na korosho.

Jambo ambalo watu hulisahau ni blenda. Kama ilisaga karanga, fungua kisu, toa ule mpira wa chini yake, na usugue kila kimoja kwa sabuni na maji ya moto. Mafuta ya karanga hujificha chini ya mpira huo. Mwiko wa mbao wenye nyufa tumia mwingine. Na usitegemee kuchemsha: moto hauondoi mzio wa karanga. Mikono nayo ni sabuni. Sanitaiza haiondoi protini ya karanga.

Mwiko_Mpana
Naafiki karibu yote. Naongeza mawili.

Asikushawishi mtu kuweka viazi mviringo badala ya maharage. Blenda inapasua wanga wa kiazi na sosi inageuka gundi, inavutika kama ute. Ukilazimika, kiponde kwa mkono kisha ukoroge.

Na kama unayapika maharage makavu mwenyewe, hasa mekundu, loweka angalau saa 5, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa moto mkali dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Yakiwa mabichi nusu yana sumu inayoleta kutapika, na sufuria ya moto wa chini peke yake haifiki joto la kuiondoa.

Mpishi_wa_Alfajiri
Asanteni sana. Nikitaka kuongeza mchicha je? Na hotpoti naijaza vipi, friza inakubali?

Jiko_Dogo
Mchicha gramu 60, si zaidi, la sivyo rangi nyekundu inakuwa ya tope. Chovya kwenye maji yanayochemka sekunde 30, tumbukiza kwenye maji baridi, kamua sana, kisha saga na maharage. Ukitaka sosi ya kijani kabisa, ondoa nyanya na weka limau mtoto anapokaribia kula. Asidi inaigeuza kijani kuwa kahawia.

Hotpoti: mimina maji yanayochemka ndani, funga dakika 10, yamwage, ndipo utie sosi iliyochemka sawasawa. Ijaze hadi karibu na mdomo, kwa sababu hewa ikiwa nyingi joto linashuka upesi. Lengo ni sosi iwe bado juu ya nyuzi 60 wakati wa kula. Ijaribu siku ya mapumziko kwa kipimajoto, uifungue baada ya saa zilezile za shule. Tambi ziweke chombo kingine au zipakwe mafuta kidogo, la sivyo zitanywa sosi yote.

Friza inakubali vizuri, miezi 2 hadi 3. Ipoze kwenye chombo kipana kwa kina kidogo na iingie kwenye baridi ndani ya saa 2. Ikiyeyuka itaonekana imejitenga. Ichemshe na kuikoroga kwa nguvu, itarudi.