Ua la marakuja kwenye skana: mbona linatoka na ukungu?

Fotokopi_Kadutu
Jambo wakubwa. Nina kibanda cha fotokopi Kadutu, hapa Bukavu. Siku za mvua wateja hawaonekani, basi nimeanza kuchezea skana. Asubuhi nakata ua la marakuja kwenye ukuta wa mama, nalilaza kifudifudi juu ya kioo, dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi). Vile vya katikati vinavyogusa kioo vinatoka safi, hata chavua unaihesabu. Petali ziko kama sentimita moja juu, nazo zinakuwa moshi mtupu. Nikifunga kifuniko ua linapondeka. Skana yenyewe ni nyembamba, inakula kuranti ya USB tu.

Yaya_Nguba
Mdogo wangu, si mkono wako. Hizo nyembamba ni za CIS: vilenzi vyake vimepangwa mstari mmoja chini ya kioo, vinaona karatasi, basi. Tafuta ya CCD, zile nene za zamani zenye waya wake wa umeme. Ndani mna vioo na lenzi moja, nayo inaona mpaka juu kidogo ya kioo. Kabla ya kulipa laza rula mshazari, ncha moja kwenye kioo, nyingine juu ya kiberiti, uone namba zinafifia wapi. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani.

Mtu_wa_Bagira
Mnajisumbua. Simu haina kamera?

Fotokopi_Kadutu
Inayo, kaka. Lakini A4 kwa dpi 600 ni pikseli 4960 kwa 7016. Nikichapa kwa 300 napata A2 nzima. Simu yangu hii iliyopasuka itanipa hiyo?

Mama_Bustani
Kifuniko achana nacho. Chukua katoni ya viatu, bandika kitambaa cheusi ndani, ulifunikie ua. Nyuma patakuwa giza safi. Na umande uupanguse, baba! Mimi maji yaliingia pembeni mwa kioo, mpaka leo kila picha ina doa. Halafu panga kinyume: unachoweka kwanza ndicho kitakachokuwa mbele.

Fotokopi_Kadutu
Aksanti yaya, aksanti mama. Nimepata moja nene, nzito kama tofali, rula ilisomeka vizuri. Leo saa nne nimeweka ua na katoni, taa imefika nusu, kuranti ikakatika. Imerudi jioni, ua limeshajifunga. Nina nusu ua, lakini petali zake zinaonekana mpaka mishipa.

Yaya_Nguba
Iweke hapa hiyo nusu tuione.