Fundi uliyechokonoa GRUB ya laptopu yangu, nataka 30,000 yangu

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Laptopu yangu ina mifumo endeshi miwili: Ubuntu ya kazi zangu, na Windows kwa ajili ya programu moja tu ya hesabu za duka. Nikampa fundi kazi ndogo: nikiwasha, orodha ya GRUB (programu inayouliza uwashe mfumo upi) ijitokeze na Windows iwe ndiyo inayochaguliwa yenyewe. Akachukua 30,000, akaandikaandika dakika tano, ikakubali. Mjinga mimi nikamsifia hadi kwa majirani.

Wiki ya tatu likaja sasisho la keneli, yaani kiini cha Ubuntu. Jumatatu asubuhi nawasha, Windows haimo! Wateja wamepanga foleni, mimi nakodolea macho Ubuntu. Nampigia, ananijibu bila hata haya: "Bosi, hiyo diski inakufa. Lete tufomati, 40,000 tu."

Tufomati? Na hesabu za miaka minne zimo humo?

Usiku nikapekua historia ya amri kwenye teminali. Nikakuta hii: sudo nano /boot/grub/grub.cfg, yaani alilifungua faili la GRUB lenyewe akalihariri kwa mkono. Nikaishiwa nguvu. Faili hilo juu kabisa limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba lisihaririwe, na chini yake linaeleza kuwa linatengenezwa lenyewe na programu ya grub-mkconfig kutoka /etc/grub.d na /etc/default/grub. Yaani limemwelekeza hadi mlangoni! Yeye kapita, kaingilia dirishani, kapachika mistari ya Windows humohumo. Keneli mpya ikiingia, faili linaandikwa upya, vyake vyote vinafutika. Mistari ya kuandika kwa mkono ina mahali pake, /etc/grub.d/40_custom.

Na wala haikuhitajika. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, os-prober inayotafuta mifumo mingine huja ikiwa imezimwa. Kwenye /etc/default/grub nikaweka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu na GRUB_TIMEOUT=10 (orodha ionekane kwa sekunde kumi), halafu GRUB_DEFAULT=saved na GRUB_SAVEDEFAULT=true ili ikumbuke nilichochagua mara ya mwisho (hii ni tamu kuliko nilichoomba mwanzo). Nikapiga sudo update-grub ili grub.cfg itengenezwe upya. Windows hiyooo! Diski nzima, haina hata mafua.

Wale wa "futa weka upya" kwa kila tatizo, leo msinijibu kabisa.

Asubuhi hii kanitumia ujumbe: "Bosi, vipi, diski unaleta lini?"