MREJESHO: Sabuni yangu ya mwarobaini haiwashi tena

Wapendwa, mwezi wa tatu niliwauliza kwa nini sabuni yangu ya mwarobaini inawasha na kukausha ngozi. Mlinijibu kwamba kosa ni kupima kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kwa kijiko. Ni kweli kabisa.

Nimenunua mzani wa jikoni unaosoma gramu, nikaanza upya: mafuta ya nazi gramu 300, mawese gramu 700, kostiki gramu 146, maji gramu 300. Kiasi hicho cha kostiki kinaacha mafuta kidogo bila kugeuka sabuni, na hayo ndiyo yanayolinda ngozi. Kostiki naimwaga kwenye maji polepole, kamwe si maji juu ya kostiki, kwa kuwa huruka na kuunguza. Glavu na miwani sivui, na watoto hawakanyagi jikoni siku hiyo.

Unga wa majani ya mwarobaini natia vijiko viwili mwishoni, mchanganyiko wa mafuta na kostiki ukishakuwa mzito kama uji.

Kilichonishinda zamani ni subira. Safari hii nimeacha vipande vikauke wiki sita. Mama ameanza kuoga nayo, hajikuni tena. Asanteni sana, hasa dada aliyenikokotolea vipimo.