Korongo la babu: nisaini karatasi za hewa ukaa au tuuze mbao?

Mjukuu wa Korongo
Wakuu, habari za jioni. Niko Uru, juu ya Moshi, karibu na mpaka wa hifadhi. Marehemu babu alituachia kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, cha ekari mbili, na chini yake korongo la kama ekari tatu. Halijawahi kulimwa. Kwanza ni mteremko mkali, pili babu mwenyewe alikuwa mkali zaidi: ukikata mti mle unalipa mbuzi. Leo kuna miringaringa ambayo watu wawili hawaikumbatii hata wakishikana mikono, kuna misesewe, mbega wanalia alfajiri, na mfongo wa ukoo, ule mfereji wa kumwagilia, unaanzia humo.

Mdogo wangu anataka tuuze miringaringa saba. Mnunuzi wa mbao ameshafika, kagonga shina kwa ngumi kama mtu anayechagua tikiti maji, akataja bei palepale. Wiki hiyohiyo kaja kijana na tableti yake. Anasema msitu unanyonya hewa ukaa na wazungu wanalipa kila mwaka bila kukata hata tawi. Nitoe laki moja na nusu ya usajili, nisaini miaka 30. Mama kasema nisisaini chochote kabla sijauliza. Ndiyo nauliza.

Mangi Mstaafu
Laki na nusu kuandikisha hewa? Mwambie aikate kwenye hizo hela za wazungu zikifika. Akikataa, mpe kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi, umsindikize hadi njia panda.

Baba Eliya, Arusha
Mjukuu, biashara ya kaboni ipo kweli, usiitupe yote. Bonde la Yaeda, Mbulu, Wahadzabe wanalipwa kwa kutunza pori lao kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, ambao ofisi yao iko hapahapa Arusha. Lakini angalia kilichotangulia. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya pamoja ya ardhi yao. Kukawa na mpango wa matumizi ya ardhi, na vijana wa palepale wanalipwa kuzunguka porini. Hela ilikuja baada ya hayo yote.

Sasa sikiliza sehemu ambayo huyo kijana hakukwambia. Kinachouzwa ni tani ya hewa ukaa, na mnunuzi halipii miti kwa sababu imesimama. Analipia tofauti: ingekatwa, sasa haikatwi. Yaeda mashamba yalikuwa yanalimeza pori kila msimu, kwa hiyo tofauti inaonekana. Korongo lako limelindwa na mbuzi wa babu yako kwa miaka yote hiyo. Ulinzi mzuri kupita kiasi! Labda umwandikishe mdogo wako kama tishio.

Halafu gharama. Mkaguzi wa nje lazima alipwe, na kukagua ekari tatu hakumpunguzii sana kazi kuliko maelfu ya hekta. Peke yako hufiki. Na msitu mkubwa hapo juu yako si wa kijiji, uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, kwa hiyo huwezi hata kuungana nao.

Muulize maswali mawili tu: mti ukiungua mwaka wa kumi na mbili nani anarudisha hela, na ukifa wewe watoto wako wanafungwa na hiyo saini?

Mama Nyuki, Marangu
Nimeishi Amani kule Usambara kabla ya kuolewa huku. Watu walikuwa wanafuga vipepeo wa msituni na kuwauza Ulaya na Marekani wakiwa bado kwenye vifuko vyao. Mtu alikuwa halikati pori kwa sababu chakula cha vipepeo kiko humo. Mwaka 2016 serikali ikasitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humohumo. Vizimba vikabaki na utando wa buibui. Soko la mbali ni tamu, ila likifungwa huna wa kumgongea mlango.

Mwanangu, mimi ningeweka mizinga ya nyuki wadogo kwenye misesewe. Asali yao ni kidogo lakini hapa wanaigombania kama dawa. Na huo mfongo, walioko chini wanaonywesha migomba yao wanachangia nini? Wao ndio wateja wako wa kwanza.

Mjukuu wa Korongo
Asanteni sana wazee wangu. Yule kijana nilimtumia maswali ya Baba Eliya, akajibu "nitakupigia", siku ya nne leo. Hilo la mfongo nimelipeleka kwa mzee wa mfongo. Kacheka, halafu akanyamaza, halafu akaniuliza kama nakumbuka babu alikuwa anadai nini kwa wa chini. Kumbe alikuwa anadai: debe la mbege kila msimu wa kusafisha mfongo. Kikao ni Jumamosi. Mdogo wangu kakubali kusubiri mpaka hapo, ila yule mnunuzi wa mbao kapita tena jana na futi mkononi.