Mwalimu amemnyang'anya binti yangu kitabu ambacho mwalimu huyo hata hajakisoma!

Wazazi wenzangu wa Kisumu, nina hasira. Binti yangu wa Gredi ya 7 amerudi nyumbani macho yamevimba kwa kulia. Riwaya niliyomnunulia kwa muuza vitabu vya mitumba imechukuliwa na mwalimu, eti ni ya kishetani. Kwenye grupu la wazazi nikauliza: nani amekisoma? Kimya. Baadaye mama mmoja akajibu kwamba jalada lenyewe linatosha.

Mimi nimekisoma chote kabla ya kumpa. Msichana anaibiwa kivuli, anakifuata hadi mji ulio chini ya ziwa, ambako wafu wanakaanga samaki na kugombania bei. Ni kitabu cha ajabu, sikatai. Kuna mahali msichana anarudi kwao, mama yake anafungua mlango nusu, anamtazama na kuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Hapo hata mimi nilishtuka. Sura hiyo singempa mtoto wa Gredi ya 3 aisome peke yake usiku, maana wa umri huo anaweza kuamini kweli kwamba mama humsahau mtoto. Wa miaka 12 anaogopa, anafungua ukurasa unaofuata, kisha anakuja jikoni kukuuliza maswali. Hivyo ndivyo kitabu hupimwa: kinamwogopesha mtoto wa umri gani, na je, kinamtoa kwenye hofu hiyo au kinamwacha humo?

Lakini kumkataza mtoto kitabu kwa sababu ya hadithi ya kivuli? Jamani, hapa kwetu! Lwanda Magere wa Kano, shujaa wa mighani ya Waluo, mwili wake ulikuwa jiwe na uhai wake ulikuwa kivulini, mpaka mkewe wa Kinandi akaitoa siri na kivuli kikachomwa mkuki. Ziwa Simbi Nyaima kule Kendu Bay, tunasimuliwa, ni kijiji kizima kilichozama kwa kumnyima bikizee hifadhi. Watoto walizama pia! Mighani hii tunawasimulia wadogo kabisa, na sijasikia mtu akiiita ya kishetani.

Halafu mikutanoni tunalia kwamba watoto wameshikwa na simu, hawasomi.

Mwalimu, kama unapita hapa: kisome. Ukipata ukurasa unaodhuru mtoto, nionyeshe tuuzungumzie, na huenda nikakubaliana nawe. Kama hutaki kukisoma, kirudishe. Jumatatu asubuhi nitakuwa ofisini kwenu.