Madevelopa wa Moshi na Arusha, mnagusa msimbo wa wote halafu mnapima programu yenu tu. Imetosha!

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya nimetulia.

Kuna tabia imeota mizizi kwenye ofisi zetu za programu huku kaskazini. Kampuni inaanza na programu moja ya simu. Anakuja mteja wa pili, wa tatu, bosi anasema tusirudie kuandika yaleyale, wekeni zote kwenye repo moja (hifadhi moja ya msimbo): vitufe, fomu, kuingia kwa namba ya simu, malipo, vyote viwe vya pamoja. Hapo sina ugomvi, ni uamuzi mzuri. Ugomvi wangu ni kwamba msimbo umekuwa wa wote lakini kupima kumebaki kwa mtu mmoja wa QA (mkaguzi wa ubora), tena Ijumaa jioni, wakati mteja ameshaahidiwa toleo jipya.

Ofisi ninayofanyia kazi hapa Moshi, jina naliacha, ina programu ya makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wanaopokea kahawa na nyingine ya wageni wanaopanga safari za kupanda mlima. Hazifanani hata kidogo, ila zinatumia fomu moja. Developa wa upande wa wageni alitaka kitufe cha chini kikae vizuri kwenye skrini yake. Akaipa fomu ya pamoja urefu maalumu, akaondoa uwezo wa kuisogeza juu na chini, akajaribu kwenye simu yake kubwa, ikapendeza, akaingiza kwenye tawi kuu, yaani msimbo rasmi wa wote. Fomu ya wageni ina nafasi chache za kujaza. Ya karani ina namba ya mkulima, daraja, idadi ya magunia, kilo, jina la aliyeleta. Kwenye simu ndogo ya Itel, tena yenye maandishi makubwa kwa sababu mwenyewe macho yamechoka, kitufe cha Hifadhi kikazama chini ya skrini. Huwezi kukiona, huwezi kukifikia.

Na msimu ndiyo umeanza. Kwenye chama kimoja upande wa Kibosho watu wameshusha magunia ya kahawa ya maganda tangu asubuhi. Mizani ipo, karani yupo, kilo zinasomwa kwa sauti, simu haihifadhi. Kuna bibi aligoma kuondoa gunia lake kwenye mizani mpaka aone kilo zake zimeandikwa mahali, na alikuwa na haki kabisa. Wakulima wa mlima huu wanapeleka kahawa ushirika tangu enzi za KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ya mwaka 1933, kwa kalamu na daftari, na daftari halikuwahi kukataa kuhifadhi kilo. Karani akarudi kwenye daftari. Simu ya kufokewa ikapigwa kwangu: "QA ulikuwa wapi?" Aliyebadilisha fomu hakuulizwa hata swali moja.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "si muweke majaribio ya kiotomatiki, ya kuanzia kufungua programu mpaka mwisho". Mkuu, yapo! Hasira yangu ndiyo hiyo. Yapo, na yamewekwa kwa mtindo wa bora liende.

Emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) iliyowekwa ni ya Pixel, simu ya Google, yenye skrini ndefu. Nitajieni karani mmoja wa AMCOS mwenye Pixel. Jaribio linatafuta kitufe kwa neno "Hifadhi", kwa hiyo simu ikiwa kwenye Kiingereza linaanguka ingawa programu ni nzima. Nikaomba kila kitufe cha pamoja kipewe testID, kitambulisho cha majaribio ambacho hakibadiliki hata lugha ikibadilika. Zikawekwa. Baadaye mtu akapanga upya faili, akazifuta, eti hazitumiki popote. Zinatumika kwenye majaribio, ambayo yeye hajawahi hata kuyafungua!

Halafu hizi "subiri sekunde 10" zilizomwagwa kila mahali. Detox, zana ya majaribio, ilitengenezwa na watu wa kampuni ya Wix kwa ajili ya React Native, mfumo wa kuandika programu za simu kwa JavaScript, na kazi yake kubwa ni kujua yenyewe kama programu bado inashughulika, inangoja mtandao au inachora kitu, na haigusi mpaka itulie. Maestro, zana nyingine ya aina hiyo, nayo inangoja yenyewe kitu kionekane. Ukijaza sekunde za kubahatisha, kwenye mashine nzuri unapoteza muda bure, na kwenye mashine nzito jaribio linaanguka vilevile.

Hili linalofuata linaniuma zaidi kwa sababu dawa yake ni rahisi. Majaribio ya programu zote mbili yanaendeshwa kwenye toleo la debug, la madevelopa, ambalo halibebi msimbo wa JavaScript ndani yake. Linauchukua kutoka Metro, seva inayoendeshwa kwenye kompyuta ya developa, na Metro kwa kawaida inakaa kwenye poti (mlango wa mawasiliano) 8081. Repo ni moja, mashine ni moja, programu ni mbili zinazogombea poti moja. Mtu akisahau Metro ya wageni inaendelea, programu ya karani inafunguka, inapewa JavaScript ya wageni, na skrini nyekundu inasema programu haijasajiliwa. Majaribio yote ya karani chini. Watu wanaangalia, wanasema "aah, hayo ya karani huwa yanaanguka tu", wanapita. Jengeni toleo la release, lile la kumpa mteja, JavaScript iwe imefungwa ndani ya programu, ugomvi wa poti unaisha, na unakuwa unapima kitu kilekile anachopakua karani. Nimelisema kwenye vikao, nimeliandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Kimya.

Wameshazoea. Likianguka linaendeshwa tena, likianguka tena linaendeshwa tena mpaka siku litoe kijani. Lisipotoa, linawekewa alama ya kurukwa. Funika kombe mwanaharamu apite. Jaribio la kuhifadhi kilo, lile hasa ambalo kwenye skrini ndogo lingeshindwa kugusa kitufe na kupiga kelele, lilikuwa limerukwa muda mrefu kabla ya msimu, na hakuna anayekumbuka nani aliweka alama wala kwa nini.

Akaunti ya majaribio nayo ni moja kwa wote. Jaribio la huku linafuta mkulima, la kule linamtafuta.

Mnaotoka vijiji vya mlimani mnaujua mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia. Anayechezea maji huku juu anajua kuna mashamba mengine chini, na likikauka la chini anaulizwa yeye. Repo ya pamoja nayo iendeshwe hivyohivyo. Ukigusa kifurushi cha pamoja, mfano ile fomu, majaribio ya kila programu inayokitumia yaendeshwe kabla hujaruhusiwa kuingiza kwenye tawi kuu, na yakianguka kutengeneza ni kazi yako, hata kama hujawahi kuingia ofisi ya AMCOS maishani mwako. Tusidanganyane kwamba ni vigumu kujua nani kaguswa. Nx, zana ya kusimamia repo za pamoja, ina amri ya affected inayosoma utegemezi wa vifurushi na kukutajia programu zilizoathirika na mabadiliko yako. Ukigusa cha wageni peke yao, ya karani yanaachwa. Hakuna anayepotezewa muda.

Wala sidai majaribio mia. Nataka machache ya kufa na kupona: kuingia kwa namba ya simu, kuhifadhi kilo, kuhifadhi kilo mtandao ukiwa umekatika, kulipa kwa kutumia mazingira ya majaribio. Ya kuingia yaandikwe mara moja na kutumiwa na programu zote. Maestro inakubali kitambulisho cha programu kipitishwe kama kigezo, na jaribio moja kuitwa ndani ya jingine. Kila jaribio litengeneze mkulima wake. Emuleta iwe ndogo, maandishi makubwa, uhuishaji umezimwa.

Kwa mabosi: kompyuta mpakato ya GB 8 haiwezi kubeba Gradle (inayojenga programu ya Android), Metro na emuleta kwa pamoja halafu ikafanya cha maana. Nunueni mashine moja ya Linux yenye kumbukumbu ya kutosha na KVM (inayoipa emuleta kasi) iwe imewashwa, ikae ofisini ifanye kazi hiyo tu. Na msinijibu kwamba tunasubiri Mac. Ni kweli iOS haijengwi bila Xcode, na Xcode haikai pengine zaidi ya Mac. Lakini makarani wetu wote wanatumia Android! Anzeni na wanachoshika wateja wenu mkononi, iPhone za wageni zifuate.

Kisingizio kingine ni "muda hautoshi". Muda wa kumtuma mtu na pikipiki mpaka Kibosho kwenda kuingiza upya kilo kutoka kwenye daftari ulipatikana. Na kilo za mtu ndiyo ada ya shule ya mwanawe, zikikosewa tarakimu moja hakuna wa kumrudishia.

Wakuu mlio Arusha, ofisi ambazo zimeweza kulazimisha hili, semeni hapa mmefanyaje na nani mlimkabidhi ufunguo wa tawi kuu. Nahitaji mifano ya kupeleka mezani, maana nikisema mimi naonekana mkorofi.

Jumatatu kuna toleo jingine linatoka. Nimeangalia leo: fomu imerekebishwa, lakini jaribio la kuhifadhi kilo bado lina alama ya kurukwa. Toleo hilo linahitaji saini yangu na sitaiweka.